Ukienda kukaa na mjukuu Marseille mwezi wa Desemba

Tangu nirudi katikati ya Januari, pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, sipimi hata ndoo mbili za dagaa bila mtu kuniuliza: kule ulikula nini, baridi uliiwezaje, na yule mkwe wako Mzungu mlielewana? Nimechoka kurudia. Wapo wenzangu watatu ambao watoto wao wako Ulaya na wameshaahidiwa safari, kwa hiyo naandika yote mara moja ninavyoyakumbuka.

Mnijue kwanza. Nauza dagaa na kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, naishi Kitangiri, na Kifaransa changu kinajaa kiganjani na nafasi inabaki. Mwanangu ameoa Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, na wana mtoto mmoja wa miaka mitano. Nilikaa nao wiki nane kuanzia katikati ya Novemba. Niliitwa "kuja kusaidia". Shikeni hapo kwenye kusaidia, ndipo penye kazi.

Karatasi na begi

Karatasi nitazipita haraka. Anayekukaribisha ndiye anayeanza: anakwenda manispaa ya kwao kuomba hati ya kukupokea, analipia stempu ya euro 30, kisha anakutumia hati yenyewe, si picha ya simu. Wewe unaongeza bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000, tiketi, na ushahidi kwamba una kinachokurudisha nyumbani. Mimi nilipeleka leseni ya biashara na hati ya kiwanja. Viza ya kutembea haizidi siku 90. Anzeni mapema, ubalozi uko Dar na Desemba kila mtu anasafiri.

Begi ndilo linalotuponza. Nilibeba lita mbili za samli, ya ng'ombe wa shemeji yangu Magu, nimeifunga kwa nailoni tatu kama mtoto mchanga. Na embe sita. Mlangoni forodha wakafungua, wakavaa glavu, samli na embe vikaenda kwenye pipa mbele ya macho yangu. Sikuwa na wa kumlaumu, maana mwanangu alinikataza na mimi nikajifanya sikusikia. Sheria ya Ulaya iko hivi: nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviingii, hata kidogo. Matunda mabichi mengi yanadai cheti cha mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende. Ila samaki, jamani, samaki mkavu wanaruhusu hadi kilo 20 kwa mtu kwa matumizi ya nyumbani. Kilo 20! Nilikuwa na dagaa kilo tatu tu, nafasi nyingine nimeijaza samli.

Bebeni dagaa wa chanja, msibebe wa mchangani, kule hakuna muda wa kuchekecha. Ongezeni na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Yangu yalitazamwa, yakanuswa, yakarudishwa begini.

Koti nililinunua mitumba ya Mlango Mmoja. Lilitoka Ulaya, nikalirudisha kwao likiwa mgongoni. Marseille theluji ni nadra, kwa hiyo msiogope zile picha za Krismasi nyeupe. Cha kuogopa ni upepo wanaouita mistral. Unashuka na bonde la mto Rhône, mkavu, jua linawaka na bado unakukata masikio. Khanga ilinisaidia kuliko kofia: naifunga kichwani, ncha inazunguka shingo, koti linafuata juu yake. Soksi mbili mbili. Mkifika stesheni kuu ya Saint-Charles mtaiona ngazi ya mawe ya sifa, vidato 104 kushuka mjini. Ni nzuri kwa picha, begi lipitishwe njia nyingine.

Saa zao, na saa zenu

Mwanza ikiwa saa tatu asubuhi, kule ni saa moja na bado giza tupu. Jua la Desemba linachomoza kama saa mbili, na saa kumi na moja jioni limeshazama. Sisi tuliozoea jua la saa zilezile mwaka mzima, siku za kwanza unahisi kama umeumwa malaria na kupitiwa na mchana.

Tena mwili wangu wa Mwaloni huamka saa kumi usiku. Kule ni saa nane. Siku ya pili niliamka hivyohivyo, nikafagia, nikapanga sufuria. Asubuhi palikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwenye lifti. Kumbe kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi kelele kwenye jengo ni kosa la kisheria, na sufuria ni kelele. Ukiamka, sali rozari kitandani.

Jambo moja la adabu litakalokuokoa kila mahali: ukiingia dukani, ukipanda basi, ukimkuta mtu kwenye lifti, anza na salamu yao, bonjour, ndipo useme shida yako. Usipoanza nayo hawakuoni. Msukuma hafundishwi hili. Nani atakuuliza bei ya furu bila mwangaluka? Nilipoishika hivyo, hata mwenye duka la mikate alianza kuniwekea mkate niupendao, ulioiva sana.

Mtoto ndiye mwenye ratiba

Nilifikiri nakwenda kupika na kufua. Mashine inafua, nyingine inaosha vyombo, na mkwe wangu ana mpangilio wake wa jiko ambao sikuuelewa hadi naondoka. Nafasi yangu ilikuwa kwa mtoto, kati ya saa kumi na nusu na saa moja jioni, wazazi wakiwa bado kazini. Ombeni mpewe saa hizo. Vyombo waachieni.

Ufaransa mtoto anaanza shule ya lazima akiwa na miaka mitatu, tangu 2019. Wa kwetu alikuwa anaingia saa mbili na nusu asubuhi, anatoka saa kumi na nusu, na Jumatano hakuna shule. Siku yangu ya kwanza kumpokea nilifika na khanga yangu, mjukuu akanikimbilia akiita "Bibi!", na mwalimu akamshika bega, akasema hapana. Jina langu halikuwa limeandikwa. Kwa watoto wa umri huo anakabidhiwa tu mtu ambaye wazazi wamemtaja kwa maandishi. Tulisimama pale, mtoto analia, mimi nalia, hadi baba yake akapiga simu. Mwalimu alikuwa sahihi. Hakikisheni jina liandikwe kabla hamjatua.

Akitoka, anakula kitu kidogo palepale njiani: kipande cha mkate chenye mche wa chokoleti katikati, na chungwa dogo la msimu, lile linalomenyeka kwa kidole. Hicho kina jina lake na saa yake, na ni kidogo makusudi. Mimi nilimwonea huruma. Siku tatu nilimpikia ugali saa kumi na moja, anashiba vizuri, saa moja na nusu mezani hataki chakula cha mama yake. Mkwe wangu hakusema kitu. Alikuwa anasogeza sahani tu. Siku ya nne nilimpa mkate na chokoleti kama wenzake.

Kosa langu jingine lilikuwa la kalenda. Desemba mosi kila mtoto anapata kalenda ya kadibodi yenye vijimlango 24. Kila siku anafungua kimoja, ndani kuna chokoleti ya ukubwa wa ukucha, hadi tarehe 24. Siku ya pili nikiwa na mjukuu peke yetu nikaona ubahili gani huu, nikamfungulia vinne kwa mpigo. Alikula cha kwanza, akatazama vile vitatu, midomo ikaanza kutetemeka. "Bibi, sasa Krismasi itapotea." Nilizirudisha chokoleti, nikafunga vijimlango kwa gundi ya unga wa ngano. Mama yake aliona. Siku hiyo alicheka, na nadhani ndipo tulipoanza kuzoeana.

Barua mwacheni aandike mwenyewe, hata ikiwa michoro mitupu. Wanamwandikia Père Noël, mzee wa zawadi, na posta ya Ufaransa inajibu kweli. Imekuwa ikifanya hivyo tangu 1962, na ofisi yenyewe iko mji wa Libourne. Haihitaji stempu wala anwani, unaandika Père Noël inatosha. Kinachohitajika ni jina na anwani ya mtoto iliyosomeka, la sivyo jibu halina pa kwenda. Mjukuu aliomba baiskeli na "mtumbwi wa Bibi". Jibu lilikuja. Mtumbwi haukutajwa.

Na akigonga mlangoni mtarishi ameshika rundo la kalenda za mwaka mpya, usimfukuze kama mimi. Ni desturi yao, unachagua moja na kumpa chochote ulicho nacho.

Dagaa ndani ya ghorofa

Hapa nakaa kidogo, maana najua mtabeba.

Ilikuwa Jumatano, mtoto yuko nyumbani, mistral inapiga, madirisha yote yamefungwa na kipasha joto kinawaka. Nikasema leo tule chakula. Nikachambua dagaa, nikawaosha, nikawatia kwenye mafuta hadi wakalia, kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi moja. Harufu ya nyumbani! Tulikula na ugali, mjukuu akaongeza mara mbili. Jiko lao limeungana na sebule, na makoti yote yananing'inia kwenye korido. Alhamisi jioni getini mtoto hakunikimbilia. Alikuja polepole, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, koti langu ni samaki." Mwenzake alikuwa ameziba pua siku nzima.

Basi fanyeni hivi. Makoti yote yaingie chumbani na mlango ufungwe, weka na taulo chini ya mlango. Zima kipasha joto, fungua dirisha la jiko hata kama utapika umevaa koti la zamani. Dagaa walowe kwenye maji ya moto robo saa, umwage, urudie, kisha wakamulie ndimu. Wakaange mara moja wote, wapoe, uwagawe kwenye vikopo uviweke kwenye friza. Siku nyingine unapasha tu na nyanya, harufu ni ndogo. Bora zaidi kaangieni Mwanza kabisa, mfunge wakiwa tayari.

Mkimaliza dagaa, msife njaa ya kwetu. Kuna mtaa wa Noailles, katikati ya mji, wenye soko la Capucins. Mihogo ipo, ndizi za kupika zipo, bamia, pilipili, unga mweupe. Na Marseille imejaa Wangazija, watu wa Komoro. Nilikuwa napapasa muhogo, nanung'unika peke yangu kwamba umeoza ndani, mama mmoja mwenye mtandio akageuka akacheka. Lugha yake na yetu ni ndugu wa tumbo moja. Tukaanza kuhesabu vidole: mbili yao ni mbili, nne ni nne, tatu ikawa ndraru. Maji ni maji. Nilitembea nyumbani na mihogo minne na furaha ya wiki nzima. Ukizidiwa na ukimya wa Kifaransa, nenda Noailles ukasikilize tu.

Asubuhi pia shukeni Vieux-Port, bandari yao ya zamani. Wavuvi wanasimama na meza chache, samaki wengine bado wanaruka. Mwaloni ukiamka vizuri unaimeza ile mara ishirini, lakini kelele za kuuza ni zilezile, nikajisikia mtu. Supamaketi kwenye friza nikamkuta sangara wa kwetu, minofu myeupe kwenye boksi, imeandikwa Tanzania. Nilimwamkia. Mwanangu akaona aibu.

Ngano, udongo, na mlima wa Mama

Watu wa Marseille na ile nchi inayoizunguka, Provence, hawasubiri tarehe 25. Wanaanza Desemba 4, siku ya Mtakatifu Barbara, kwa kuotesha ngano kwenye visahani vitatu. Weka pamba, iloweshe, tandaza punje, weka dirishani penye mwanga. Ikisimama wima na kijani kibichi hadi Krismasi, mwaka utakuwa wa neema. Kazi ya kumwagilia ilikuwa ya mjukuu na yangu, na sisi wawili tuliifurahia mno: ikafanya ukungu kufikia tarehe 9. Tukaotesha upya kwa siri. Maji ni kijiko kimoja asubuhi, pamba iwe mbichi tu isiogelee, na visahani visikae juu ya kipasha joto. Ya pili ilitoka fupi lakini ilisimama.

Kisha kuna pango la Krismasi. Kwetu tunaweka Familia Takatifu, ng'ombe, punda na wachungaji. Wao wanaweka kijiji kizima: mnoa visu, mwanamke wa maji, mwokaji, mzee amenyanyua mikono kwa mshangao, na muuza samaki mwenye kikapu kiunoni. Ni vijisanamu vya udongo, wanaviita santon, maana yake mtakatifu mdogo. Wanasimulia kwamba wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa makanisa yalipofungwa, watu walitengeneza mapango yao majumbani, na fundi mmoja wa Marseille, Jean-Louis Lagnel, akaanza kuvifinyanga kwa kalibu ili maskini naye amudu. Soko lake limekuwepo tangu 1803, na kila Novemba linafunguliwa. Nendeni siku ya kazi asubuhi, Jumamosi hamtasogea. Vile vidogo kabisa ni vya bei ya kuvumilika. Mtoto Yesu msimweke pangoni kabla ya usiku wa 24. Nilimweka, nikaondolewa.

Siku yenye jua na upepo mdogo pandeni Notre-Dame de la Garde, kanisa la kilimani lenye sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu. Mji mzima unamwita Mama Mwema, hata wasiosali. Kuna basi, msijitese na mlima. Ndani, kutoka darini, wamening'iniza meli ndogondogo, na kutani kumejaa vibao vya shukrani vya mabaharia walionusurika. Nilikaa pale muda mrefu. Mapadre wa kwanza waliokuja ziwani kwetu walipandia meli Marseille, 1878, na miaka mitano baadaye wenzao wakawa Bukumbi, karibu na Mwanza. Lakini mimi nilikuwa nafikiria Mei 21, 1996. Nikawasha mshumaa kwa ajili ya watu waliozama na meli ya MV Bukoba.

Usiku wa 24

Tulikwenda kwa mama yake mkwe wangu, mjane wa umri wangu. Anayefuata desturi ya Provence anaandaa hivi: meza inatandikwa vitambaa vyeupe vitatu, kimoja juu ya kingine, mishumaa mitatu, vile visahani vitatu vya ngano, na sahani moja ya ziada kwa maskini atakayebisha hodi. Vyakula saba, nyama hakuna, maana ni usiku wa mfungo kabla ya Misa. Mboga nyingi, supu ya vitunguu saumu, konokono (nilipisha), na samaki mkuu wa meza ni chewa aliyekaushwa kwa chumvi.

Nilifika siku moja kabla, nikamkuta mama anamlowesha. Vipande vinene, vigumu kama ubao, chumvi imekaa nyeupe. Moyo wangu ukaruka. Kayabo! Nikavua koti, nikakunja mikono. Hakujua Kiswahili wala mimi Kifaransa chake, ila aliponiona namgeuza samaki ngozi juu ili chumvi ishuke, akaniachia beseni. Tulibadilisha maji kila baada ya saa chache, usiku nikaamka saa zangu za Mwaloni, na kwa mara ya kwanza kuamka kule kukawa na faida. Kila nikimwaga maji nachovya kidole naonja. Asubuhi ya 24 nikabonyeza mnofu, ukarudi. Nikamwonyesha dole gumba. Ukienda, usisubiri kualikwa jikoni kwa maneno, tafuta beseni.

Baada ya hapo zinakuja tamutamu kumi na tatu, kwa hesabu ya Yesu na mitume wake. Lozi, njugu za kizungu, tini kavu na zabibu kavu lazima ziwepo, zinawakilisha watawa wa mashirika manne. Tende, machungwa, peremende nyeupe na nyeusi za asali na lozi, na mkate mtamu wa mafuta ya zeituni ambao unamegwa kwa mkono. Ukiukata kwa kisu unajiitia ufukara, nami nilishikwa kiganja nikiwa nimeshakiinua kisu. Kila nyumba ina orodha yake. Ya mwaka huo ilikuwa na kumi na mbili, na mama akanitazama. Nilitoa matobolwa. Yakawekwa kwenye sahani ya kaure katikati ya tende na tini, yakakaa mezani siku tatu na wenzake, kama ilivyo desturi. Mjomba mmoja aliuliza ni ngozi ya nini. Alimaliza nusu sahani.

Kabla ya kulala, mtoto anaweka kiatu chini ya mti. Mimi niliweka kandambili.

Tarehe 25 yenyewe msitegemee makubwa. Mitaa mitupu, kila mtu yuko ndani kwa ndugu zake, hakuna watoto wa jirani wanaopita na nguo mpya kuomba pilau. Saa nne asubuhi nilipiga simu Kitangiri. Huko ni saa sita, nikasikia muziki wa jirani, mtu anaita kuni, kuku analalamika. Nikawaambia wasikate, waiweke simu tu dirishani. Kwa hiyo nunueni bando kubwa kabla, maduka ya simu siku hiyo yamefungwa, na mchele wa pilau uwe ndani tangu tarehe 23.

Kurudi ni rahisi kuliko kwenda. Santon ifungeni kwa khanga, iende kwenye begi la mkononi. Mimi nilinunua yule muuza samaki, kimo cha kidole. Kikapu chake kilipata ufa njiani, nimekigandisha. Anasimama Mwaloni kando ya mizani yangu, na kila siku mtu ananiuliza bei. Hauzwi.